Hoteli ya Matofali Matupu

Neno "butiki" wengi wetu tulilijua kwanza kwa maduka ya nguo. Limekwisha kuhamia kwenye hoteli. Hapa London mtindo huo ulianza mapema, mwaka 1978, Anouska Hempel alipofungua Blakes huko South Kensington. Mwaka 1984 Ian Schrager na Steve Rubell wakafungua Morgans mjini New York, na tangu hapo kila jiji kubwa linataka hoteli yake ndogo inayouza sura kabla ya kitanda. Ukitaka kuona mtindo ulipofikia, nenda Shoreditch, mashariki ya London. Nililala siku mbili katika hoteli moja ya huko. Jina silitaji, maana ninayoyasema yanazihusu nyingi.

Tuipe haki yake kwanza. Kitanda kizuri, shuka safi, na vijana wa mapokezi hawamtazami mtu viatu. Ukumbi wa chini uko wazi kwa yeyote: watu wanakaa na kompyuta zao kutwa nzima kwa kikombe kimoja cha kahawa, na hakuna anayewafukuza. Jaribu hayo katika hoteli kubwa za Mayfair uone.

Chumba ndicho kilichonishinda. Bafu limetengwa na kitanda kwa kioo kitupu, mlango hakuna. Aliyekibuni hakuwaza kwamba mtu anaweza kusafiri na mama yake mzazi. Na kwa maji ya chooni, ndugu msomaji, chukua kopo lako.

Lakini kinachostahili kuhakikiwa hasa ni ukuta. Lipu imebanduliwa makusudi ili matofali yaonekane, mabomba yameachwa wazi darini, taa ni za kiwandani. Mama aliyekuja kubadili shuka, mwenzetu wa Bukavu anayepanda mabasi mawili kufika kazini, aliniambia kuwa wiki yake ya kwanza alidhani mafundi hawajamaliza kazi. Mimi namwona yeye ndiye mhakiki bora kuliko magazeti yote yaliyoisifu hoteli hiyo.

Meza ya chumbani ilikuwa meza ya seremala, yenye alama za patasi. Si bahati mbaya. Katika karne ya 19 Shoreditch, hasa pande za Curtain Road, ilikuwa kitovu cha utengenezaji wa samani London. Karakana zilikuwa ndogo ndogo: huyu akikereza miguu ya viti, yule akichonga nakshi, mwingine akipaka vanishi. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, karakana zikabaki tupu, wasanii wakaingia kwa kodi nafuu, kisha wenye fedha wakawafuata wasanii. Sasa meza ya fundi inawekewa majarida, na kadi iliyo juu yake inasifu roho ya ufundi bila kumtaja fundi hata mmoja. Jasho lake limekuwa pambo.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna Arnold Circus. Palikuwa na mtaa wa makabwela ulioitwa Old Nichol. Baraza la jiji liliubomoa miaka ya 1890, watu zaidi ya 5,000 wakaondolewa, na mwaka 1900 nyumba mpya za Boundary Estate zikafunguliwa rasmi. Nyumba nzuri, lakini kodi yake si ya kabwela. Historia za mtaa zinasimulia kuwa waliorudi kuishi humo ni 11 tu. Kifusi cha nyumba zao kilifanywa kilima cha bustani, na juu yake pakajengwa jukwaa la bendi. Wageni wa hoteli huenda kupiga picha hapo.

Linganisha na msikiti wa Brick Lane. Jengo lile lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti waliokimbia Ufaransa, likawa sinagogi mwaka 1898, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabangali. Hakuna aliyelibandua lipu ili kutuonyesha umri wake. Limetunzwa kwa kutumiwa na waliokuwa wakiishi jirani.

Waliotoka Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya 1964 baadhi ya wenye nyumba waliondoka, wengine wakaja huku, wengine Maskati. Mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia, na majumba kadhaa leo ni hoteli za aina hii hii. Mlango wa nakshi upo, kitanda cha samadari kipo, na mgeni anaambiwa analala katika historia. Historia ya nani? Ningependa kuona hoteli moja tu, Shoreditch au Shangani, iliyobandika ukutani majina ya waliokaa humo, kazi walizofanya na walikohamia, juu kidogo ya bei ya kifungua kinywa.