Sumaku Mfukoni

Mnunuzi anayejua anachokitafuta huja na sumaku mfukoni. Huwa ndogo tu, imeviringishwa kwenye kitambaa laini isije ikakwaruza rangi. Baada ya salamu na maneno mawili matatu kuhusu mvua, maana Uingereza hakuna biashara inayoanza bila kuitaja mvua, anachuchumaa kando ya gari na kuipitisha sumaku chini ya mlango, juu ya gurudumu la nyuma, pembeni mwa taa. Ikinasa, hapo pana bati. Ikiteleza ikaanguka, hapo pana puti iliyopigwa msasa na kupuliziwa rangi, na muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Gari ni Morris Minor. Limetangazwa kwa maneno ya siku zote: limekarabatiwa lote, rangi mpya, viti vipya, injini haina neno. Picha zinameremeta. Ila kupaka rangi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uzito wake uko uvunguni, ndani ya vizingiti na nyuma ya madigadi, na fundi aliyeiweza hasa ni yule ambaye mtu atalala chini ya gari lake na tochi asione alipoanzia wala alipoishia.

Gari hili, kwa kweli, lilionja msumeno kabla halijaingia sokoni. Mbunifu wake, Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna ya mwaka 1906 ambayo leo ni Izmir ya Uturuki, alikuwa amekaribia kumaliza kazi alipolitazama gari la majaribio na kuliona jembamba mno. Akaagiza likatwe katikati kwa urefu, kutoka pua hadi mkia, kisha nusu zake zisogezwe kidogo kidogo mpaka umbo likubalike machoni. Pengo likawa inchi 4. Ndiyo maana boneti ya Minor ina ukanda bapa unaopita katikati. Bampa zilikuwa zimekwisha tengenezwa kwa kipimo cha zamani, nazo zikakatwa na kuungwa kipande.

Mwenye kampuni, William Morris, aliyekuwa na cheo cha Lord Nuffield, hakupendezwa hata chembe. Alilifananisha gari hilo na yai lililopikwa bila ganda. Lilionyeshwa hata hivyo London, kwenye maonyesho ya Earls Court ya mwaka 1948, na kiwanda cha Cowley pale Oxford kikaanza kulitoa. Desemba 1960 Minor ikawa gari la kwanza la Uingereza kufikia idadi ya milioni moja. Kampuni ikasherehekea kwa kutoa magari 350 yenye rangi ya zambarau hafifu na viti vyeupe, ambayo leo huwindwa na wakusanyaji wa magari. Hadi uzalishaji ulipokoma huko Uingereza mwaka 1971, zaidi ya milioni 1.6 yalikuwa yametengenezwa. Manesi wa vijijini waliyaendesha, askari polisi waliyaendesha, posta iliyatumia kubebea barua. Issigonis mwenyewe alikwisha kupata umaarufu mkubwa zaidi kwa Mini ya mwaka 1959, ingawa wapo wanaoamini, na hawajakosea sana, kwamba Minor ndiyo iliyotoka moyoni.

Sasa turudi uvunguni. Minor haina chesisi inayojitegemea. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, bati jembamba lililokunjwa na kuchomelewa likawa sanduku. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Magurudumu huyarusha maji hayo ya chumvi, tope hujikusanya nyuma ya madigadi, na kutu huanza chakula chake cha pole pole. Mkazi wa Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa chumvi na bati hufanyiana nini. Kutu hula vizingiti vya milango, hula mahali pa kuwekea jeki, hula hata bati linaloshika springi za nyuma, na yote haya juu yake rangi ikiwa bado nzuri.

Fundi mwenye pupa hung'oa milango, akakata kizingiti chote kwa siku moja, akachomelea kipya. Akija kuirudisha milango, haifungi: sanduku limejipinda kwa milimita chache, na milimita chache zinatosha. Fundi mtulivu huiacha milango mahali pake. Huliegemeza gari vizuri, akakata kipande kimoja, akagusisha moto nukta moja hapa, nyingine kule mwisho, akahamia upande wa pili ili bati lipoe lisije likajikunja. Kisha anaufunga mlango na kusikiliza. Mlango ndio pimamaji yake. Mwanya kati yake na nguzo ukilingana juu na chini, anaendelea. Ukitanuka, anakata alichochomelea na kuanza upya. Kazi hiyo hailipi vizuri kwa saa, na hakuna mteja atakayeiona.

Mambo huzidi kunoga gari likiwa Traveller, toleo lenye nafasi ya mizigo nyuma, lililoanza kuuzwa mwaka 1953. Nusu yake ya nyuma ina fremu ya mbao za ashi, mti wa Ulaya unaosifika kwa mipini ya shoka. Wengi hudhani mbao hizo ni urembo. La: ndizo zinazobeba paa la nyuma na madirisha, na zikioza, mkaguzi wa magari anaweza kulikataa gari kama ambavyo angelikataa kwa breki mbovu. Sijui gari jingine linaloweza kuliwa na kutu mbele na kuvu nyuma. Hapo fundi bati anamwachia seremala, naye huchonga, hutoboa, hugundisha, huzama kwenye kona za chini ambako maji hutuama, kisha hupaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Fundi wa jahazi angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Sehemu nyingine ya kuangaliwa ni ndogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Gurudumu la mbele linashikiliwa chini na kiungio chenye nyuzi kama za skrubu, kinachozunguka usukani unapogeuzwa. Kinataka grisi, basi. Kisipopewa, nyuzi hulika kimya kimya hadi siku moja, mara nyingi gari likiwa linageuka taratibu, kinachomoka na gurudumu linalala ubavu. Ukarabati wa mamilioni hauwezi kumwokoa mtu aliyesahau kupiga grisi.

Swali la vipuri limejibiwa kwa njia ya kupendeza. Charles Ware, aliyekuwa na karakana ya Minor mjini Bath, aliandika kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akitetea hoja kwamba gari kuukuu linalotunzwa hatua kwa hatua linaweza kumgharimu mwenyewe pungufu kuliko jipya linaloshuka thamani kila mwaka. Baadaye akaenda Sri Lanka, ambako Minor nyingi zilikuwa bado barabarani, na mafundi wa huko wakaanza kutengeneza vipuri na mabati ya bodi ya kupelekwa Uingereza. Kwa hiyo mzungu anayejivunia gari lake la Kiingereza huenda ameketi juu ya bati lililopondwa na mikono ya Asia Kusini. Halipungukiwi kitu kwa hilo.

Tangu Mei 2018, Uingereza haiyalazimishi magari mengi yaliyotimiza miaka 40 kukaguliwa kila mwaka. Wamiliki walifurahi, lakini mnunuzi amebaki na macho yake, masikio yake na ile sumaku. Muuzaji muungwana hulipeleka gari kwenye ukaguzi kwa hiari. Tena huweka mezani bahasha ya picha mbaya: sakafu iliyotoboka, kizingiti kilichokuwa unga, gari likiwa juu ya mawe. Bahasha hiyo huuza gari kuliko picha zote za mng'aro.

Mnunuzi wetu amezitazama moja moja, hana haraka. Anaketi kwenye usukani na kuwasha swichi. Pampu ya petroli ya umeme inalia tiki-tiki-tiki, mafuta yanajaa kwenye kabureta, inanyamaza. Anavuta choki. Injini inakohoa mara moja na kushika, wanatoka kulijaribu barabarani na kurudi baada ya nusu saa, ekzosi ikiguruma kwa ile sauti ya mzaha ambayo Minor hutoa mguu unapoachia mafuta kwenye mteremko. Bei wanakubaliana wakiwa wamesimama. Muuzaji anamkabidhi ufunguo, halafu anafungua buti, anatoa bomba la grisi lililofungwa kwenye gazeti, naye analitia mikononi mwa mwenzake na kuanza kumwonyesha, kwa kidole chenye weusi usiotoka, nipeli ziko wapi.