Wimbo wa Sevo na Mlango wa Kutokea

Kampala ina shehena ya nyimbo za kusikiliza kwa siri. Ukikaa kwenye foleni ya jioni Port Bell Road, pale Bugolobi, madirisha ya magari yamepandishwa na ndani Jim Reeves anaomboleza, au Westlife wanabembeleza mtu mzima mwenye tai. Akishusha kioo kununua karanga, kwanza anapunguza sauti. Aibu hiyo ni ndogo na haimdhuru mtu. Iliyo nzito mjini hapa ni ya kupenda wimbo wa mwanasiasa usiyempigia kura, na hakuna wimbo uliowatia watu wengi katika aibu hiyo kama rap ya Rais Museveni, You Want Another Rap, iliyotoka mwishoni mwa 2010.

Mpinzani akikwambia hakuwahi kuicheza, muulize mwaka huo alikuwa nchi gani. Mimi ninataka kujua kazi yenyewe ilifanywaje hadi ikamteka mtu asiyetaka kutekwa.

Malighafi ilikuwa hotuba. Museveni, akiwa na miaka 66 na akijiandaa kwa uchaguzi wa Februari 2011, alikuwa mbele ya vijana. Akawaambia kwamba hiyo rap yao si ngeni kwao Ankole, kisha akawakariria mashairi ya watoto ya Kinyankole. Shairi maarufu zaidi katika hayo ni mnyororo wa kubadilishana: wavunaji wanampa msimulizi ulezi, ulezi anampa kuku, kuku anampa yai, yai anawapa watoto, watoto wanampa nyani, nyani anampa mfalme, mfalme anampa ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayelipa mahari. Ukanda huo wa Ankole una mazoea marefu ya kukariri. Mashairi ya kujisifu ya Wahima, ebyevugo, yaliyokusanywa na H. F. Morris katika kitabu cha 1964, husemwa kwa kasi, mkariri akimwaga maneno kama anayekimbizana na pumzi yake. Rais hakuwa na kasi hiyo. Alikariri polepole, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mzee anayewachezesha wajukuu. Ule upole ndio uliowafaa watu wa studio.

Mtu anayehutubia hahesabu mapigo. Anavuta neno hapa, anameza jingine pale, anasubiri watu wacheke. Ukiiweka sauti yake juu ya ngoma ya mashine bila kuigusa, baada ya sekunde chache viwili hivyo vimeachana, kila kimoja njia yake. Ila shairi la mnyororo lina bahati yake. Mistari ni mifupi, inakaribiana urefu, na kitu kilichofunga mstari mmoja ndicho kinachofungua unaofuata. Kila pingili inasimama peke yake. Fundi anaweza kuikata popote, akaisogeza hadi pigo la kwanza, akaacha upenyo ngoma ipumue, na msikilizaji asigundue kwamba kisu kimepita. Jaribu kufanya hivyo na hotuba ya bajeti uone.

Kilichokosekana ni kiitikio. Mnyororo hauna pa kurudi, unakwenda mbele tu hadi ng'ombe afike kwa wakwe. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliokaa kwenye mashine. Hawakumwita mwimbaji wa kike aje kuremba katikati, kama desturi ya nyimbo za kampeni. Walichukua swali la Kiingereza ambalo Rais alilitumia kuwauliza vijana kama bado wanataka rap nyingine, pamoja na itikio la wale waliomwita Sevo, jina la utani la mtaani. Jukwaani lile swali lilikuwa kiunganishi tu cha kuvuka kutoka shairi moja kwenda lingine. Studio ikalifanya nguzo ya wimbo. Umati nao ukawa umeshajitia ndani ya kazi, kwa hiyo anayesikiliza baa akiitikia anaungana na watu waliokwisha itikia zamani.

Wala hawakuilazimisha sauti iimbe. Mwaka uleule Marekani, wanamuziki ndugu wa Gregory walichukua mahojiano ya Antoine Dodson kwenye habari za televisheni wakayageuza Bed Intruder Song, kazi iliyoingia hadi chati ya Billboard Hot 100. Wao waliivuta sauti ya mtu kwa programu mpaka ikawa noti. Watu wa Kampala waliiacha ya Museveni ilivyo, kavu, na ugeni wake ukaonekana wote juu ya mdundo. Ingelainishwa, nadhani ingekuwa tangazo la biashara.

Nimeuona wimbo huo ukifanya kazi katika baa ya Bandali Rise, msimu ule wa kampeni, muchomo, yaani nyama choma, ukiwa bado jikoni. Sauti ya Rais ilipotokea kwenye spika, meza nzima iliangua kicheko. Mmoja alijifanya amevaa ile kofia pana ya Rais, akanyanyua kidole, akaiga mwendo. Mwingine, aliyevaa fulana ya bluu ya FDC, chama cha upinzani, akapiga miluzi ya kejeli. Hata nyani hajafika kwa mfalme, yule wa fulana ya bluu mabega yalikuwa yanakwenda yenyewe, chupa ya bia ya Nile Special imeinuliwa isimwagike. Swali liliporudi aliitikia kwa sauti kuliko wote. Ngoma ilipokwisha akacheka tena, haraka, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

Kile kicheko cha mwanzo ndicho mlango wa kutokea. Wimbo ulimpa ruhusa ya kuingia kwa mzaha na ukamhakikishia kwamba atatoka kwa mzaha. Lugha ilisaidia pia: Waganda wengi wa Kampala wanaokota neno hapa na pale katika Kinyankole, hawafuati mnyororo wote. Na hata anayeufuata haombwi chochote. Katika yale mashairi hakuna barabara iliyojengwa, hakuna kura, hakuna chama, ni kuku na yai. Unaweza kuimba mwanzo hadi mwisho bila kumkubali mtu yeyote.

Je, wimbo ulileta kura? Museveni alipata asilimia 68 tarehe 18 Februari 2011, lakini mimi simpi ng'ombe wa kwenye shairi sifa ya ushindi huo. Tazama Kampala yenyewe: Machi, mji uliokuwa ukiicheza rap ya Rais ulimchagua Erias Lukwago kuwa meya, ukamwacha Peter Sematimba wa NRM, chama cha Rais, mtu wa muziki na mwenye redio yake. Watu walicheza wimbo, wakala muchomo, wakaenda kupiga kura kama walivyokuwa wamekusudia. Aprili ikaja na maandamano ya upinzani ya kutembea kwa miguu kwenda kazini na mabomu ya machozi, na masikioni mwangu ule utani ukachacha.

Kenya mwaka 2002 ilikuwa imeshuhudia njia ya kinyume. Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji ilizaliwa wimbo wa vijana wa kujisifu, siasa ikaja baadaye kuuchukua, na muungano wa upinzani wa NARC ukaingia nao Ikulu. Huko hakuna aliyekuwa na cha kuficha, maana watu waliupenda kabla haujawa wa chama.

Kipimo cha kweli cha nadharia yangu ya mlango wa kutokea ni Tubonga Nawe, wimbo wa kumpigia Museveni kampeni uliotoka mwishoni mwa 2015. Ukiupima kwa sikio tupu, ni kazi bora kuliko ile rap mara nyingi. Jose Chameleone yumo, Bebe Cool yumo, Juliana Kanyomozi, Radio na Weasel, kila mmoja na mistari yake, sauti zimepangwa na fundi anayejua. Kiitikio kinanasa mara ya kwanza. Kosa lake ni kwamba kila mtu mjini anakielewa. Kinamwambia mgombea kwamba tuko pamoja nawe, hivyo anayekiimba amekula kiapo, apende asipende. Hakuna pa kuchekea. Hakuna kofia ya kuiga. Mashabiki wa upinzani walitangaza kuwasusia wasanii wale, na chuki haikuisha na uchaguzi: mwaka 2018 Bebe Cool alirushiwa chupa akiwa jukwaani Lugogo. Nawajua watu wa Bugolobi wenye Tubonga Nawe kwenye simu. Wanausikiliza kwa spika za masikioni, tena wimbo ukiisha wanahakikisha kioo cha simu kimelala chini.

Mwanamuziki mmoja asiyekuwa ndani ya Tubonga Nawe alikuwa Bobi Wine, wa upinzani. Alipotoa Kyarenga mwaka 2018, tayari akiwa mbunge wa Kyadondo Mashariki, aliandika kisa cha mapenzi: kijana asiye na kitu anamwonea fahari msichana aliyemchagua yeye badala ya mwenye mali. Mashabiki wake walijua mara moja tajiri ni nani na msichana ni nani. Lakini juu juu ni harusi, na wapigaji wa harusini waliupiga. Kwenye ukumbi wowote wa Kampala, bwana harusi akiinuka kuucheza, mjomba aliyevaa beji ya njano ya NRM kifuani naye anainuka, na hakuna wa kumuuliza kitu.