Kulisubiri Neno

Kabla ya kukutana na mama yeyote, muuguzi mtafiti anafungua daftari na kuandika yale anayodhani anayajua. Amehudumia watoto njiti kwa miaka mingi, hivyo orodha ni ndefu: mama wa njiti huogopa kumgusa mwanawe, hujilaumu, mashine humtisha. Akimaliza, analitia daftari kwenye droo. Hayo hajayatupa. Ameyatenga tu, yasije yakamjibia mama. Mazoea haya yana mizizi katika falsafa ya Edmund Husserl, aliyetaka mtu azisimamishe kwanza hukumu zake ili jambo lijitokeze kama lilivyompata aliyelipitia.

Kibali cha maadili ameshakipata. Siku ya mahojiano havai sare, maana mbele ya sare mtu hujibu kama anayepimwa.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Anamsomea mama fomu ya ridhaa polepole. Akikataa, huduma ya mtoto haitapungua. Akichoka katikati, ruksa kuacha. Mama anatia saini. Ndipo rekoda inapowashwa, mama akiiona.

Swali ni moja: "Hebu nisimulie, ilikuwaje tangu mtoto alipozaliwa?" Kisha muuguzi ananyamaza. Mama akikwama, hamkimbilii na neno la kumsaidia. Anangoja, na simulizi inarudi yenyewe. Karibu na mwisho mama anasema, "Uchungu ule, sista, mpaka leo ninao." Hapo hapo anaitwa wodini, saa ya kumlisha mtoto kwa mrija imefika.

Jioni kazi ya unukuzi inaanza. Saa moja ya mazungumzo inaweza kula saa sita za kuandika. Anasikiliza, anasimamisha, anarudisha nyuma. Kikohozi kinaandikwa, na kicheko, na pale sauti iliposhuka.

Njia anayoifuata ilielezwa na Paul Colaizzi mwaka 1978, ina hatua saba. Kwanza anasoma simulizi zote, tena na tena, bila kuandika chochote. Pili anadondoa kauli zinazogusa jambo analolitafuta, kila moja na namba ya ukurasa wake. Tatu, pembeni mwa kila kauli, anaandika maana yake.

Hapa ndipo penseli inaposimama. Uchungu upi? Wa uzazi? Wa huzuni? Au ule wa kinyongo? Ripoti itaandikwa kwa Kiingereza, na lugha hiyo itamlazimisha achague mmoja na kuiacha mingine. Angeweza kuchagua usiku huo huo, na hakuna ambaye angemuuliza. Anaandika "uchungu" vilevile, anaweka alama ya kuuliza, anasonga mbele.

Hatua ya nne anazikusanya maana zinazofanana kuwa mafungu. Fungu likikataa kutulia analivunja na kulipanga upya, na kila badiliko linaandikwa pamoja na sababu yake, ili mwingine aweze kuzifuata nyayo zake na kumkosoa. Ya tano anayaunganisha mafungu yote kuwa maelezo kamili. Ya sita anayapunguza maelezo hayo mpaka ubaki ukurasa mmoja tu, ule uliobeba kiini.

Hatua ya saba ni kurudi kwa wenye simulizi. Mama amekuja kliniki kumpima mtoto uzito, mtoto mwenyewe yumo mgongoni, ameshanenepa. Muuguzi anamsomea ukurasa ule, taratibu, mpaka anafika kwenye lile neno. Anamtazama, anangoja.

"Si uchungu wa kuzaa, sista," mama anasema. "Wa vitanda vya jirani walipigiwa vigelegele. Mimi hakuna aliyenipigia. Walikuja wakanong'ona, wakaondoka."

Muuguzi anaifuta alama ya kuuliza na kuandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Akirudi ofisini anafungua droo na kuisoma orodha yake ya mwanzo, mstari kwa mstari. Vigelegele havimo.