Namna ya Kukitambua Kidhibiti Bora cha Madirisha

Anayetafuta programu ya kupanga madirisha kwenye Linux huanza na picha za skrini: rangi zilizooana, pambizo zilizonyooka, upau uliopambwa. Picha hizo ni kazi ya mtumiaji mwenye subira, na angeweza kuzipata kwa karibu kidhibiti chochote. Ubora wa waundaji unaonekana kwenye mambo mawili yasiyopigwa picha: nyaraka, na namna mipangilio inavyogawanyika. Kidhibiti bora humwezesha mgeni kubadili jambo moja bila hofu ya kuharibu mengine kumi, na akikosea humwonyesha alipokosea. Mfano wangu mkuu ni i3, programu huria iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, ambayo ilijiwekea lengo la kuwa na msimbo unaosomeka na wenye maelezo.

Soma faili la mwanzo

Ukiingia i3 mara ya kwanza, inakuuliza kama ikuandikie faili la mipangilio, kisha unachagua kitufe kikuu kiwe Win au Alt. Unapewa faili la maandishi ya kawaida, na juu ya mistari mingi kuna maelezo mafupi. Yasome kwa jicho kali. Maelezo mabaya hurudia tu jina la amri. Mazuri husema amri inakufanyia nini, kwa mfano kwamba ukishikilia kitufe kikuu na kuburuta kwa kipanya, dirisha linaloelea linakwenda unakotaka. Ukiweza kubadili mistari mitatu bila kufungua ukurasa mwingine, faili limefaulu.

Kosea kwa makusudi

Andika bindsim badala ya bindsym, amri inayokipa kitufe kazi, hifadhi, kisha pakia upya. i3 itakuletea upau mwekundu wenye vitufe viwili, kimoja cha kuhariri faili na kingine cha kuona makosa. Bonyeza hicho cha pili: utaona namba ya mstari, mstari wenyewe, na alama chini ya sehemu isiyoeleweka. Mistari mingine inaendelea kufanya kazi, kwa hiyo bado una njia ya kujirekebisha. Ukitaka kuhakiki kabla ya kupakia, ipo amri ya i3 -C. Awesome, kidhibiti kingine ambacho mipangilio yake huandikwa kwa lugha ya Lua, nayo inamjali mtumiaji: faili lako la mipangilio, rc.lua, likishindwa kuwaka, inarudi kwenye faili la akiba na kukujulisha. Kidhibiti kinachokuacha na skrini nyeusi bila neno hakijakomaa, hata kiwe na mbwembwe gani.

Gawa, kisha ondoa

Kipimo hiki ndicho kizito kuliko vyote. Hadi Oktoba 2021, i3 ilisoma faili moja tu, na wenye kompyuta zaidi ya moja waliunganisha vipande kwa skripti zao wenyewe. Toleo la 4.20 lilileta amri ya include: vitufe vikae kwenye faili lao, rangi kwenye lao, skrini za ofisini kwenye lao.

Usiridhike kwa kuona include ipo. Tafuta sheria zake, na uone kama mwongozo unazitaja. Mwongozo wa i3 unasema wazi kwamba kigeu kilichowekwa kwenye faili mama kinatumika ndani ya faili linaloingizwa, lakini kilichowekwa ndani ya faili linaloingizwa hakitumiki kwenye faili mama. Maelezo hayo mafupi yanakuokolea jioni nzima.

Kisha angalia mgongano. Kitufe kimoja kikipewa kazi mbili, i3 inahesabu kuwa ni kosa. Sway, kidhibiti kinachofuata mipangilio ya i3 lakini kwenye mfumo wa kuonyesha madirisha wa Wayland, inachukua ya mwisho na kutoa onyo. Njia zote mbili zinakubalika mradi mtumiaji ameambiwa. Ubaya ni kunyamaza.

Sasa ondoa kipande kimoja. Rangi zikiondoka na vitufe vikabaki salama, mgawanyo ni wa kweli. Vyote vikianguka, ulikuwa na faili moja lililokatwakatwa. Wala usigawe kupita kiasi: mafaili ishirini yenye mistari miwili miwili yanachosha kuliko faili moja refu lenye vichwa vizuri.

Zima intaneti

Nyaraka bora huja pamoja na programu. Bando likiisha, man 5 sway bado inafunguka, tena inalingana na toleo ulilo nalo. Debian 11 ilitoka Agosti 2021, kabla ya i3 4.20, kwa hiyo aliyeitumia huku akisoma mwongozo mpya wa mtandaoni alikutana na include ambayo programu yake haiijui. Ndiyo maana mwongozo mzuri hutaja kila sifa ilianza toleo gani, na wa i3 umefanya hivyo kwa include.

Pima ahadi ya waundaji

Kidhibiti kingine, dwm, kilizaliwa mwaka 2006; mipangilio yake ni faili la lugha ya C, na ukibadili kitu unakompaili upya. Kuilaumu kwa kukosa include ni kuionea. Waundaji wake walikusudia msimbo usizidi mistari 2000, ili anayejua C aweze kuusoma wote. Kwa msomaji huyo, msimbo wenyewe unatosha kuwa mwongozo.

Fuatilia mabadiliko

Mwongozo wa i3 na ule wa Sway, kila mmoja unakaa katika hifadhi moja na msimbo wake. Pitia historia ya hifadhi hiyo: sifa mpya inapoongezwa, je, maelezo yake yanaingia pamoja nayo? Na ukikuta sentensi isiyoeleweka, iandike upya uitume. Kazi hiyo haihitaji ujue C, inahitaji uwe umekwama mahali na kukumbuka ni neno gani lingekukwamua. Mradi unaopokea sahihisho la sentensi kwa uzito uleule wa sahihisho la msimbo ndio wa kuukabidhi kompyuta yako.