Mwandishi Chipukizi na Sauti Yake

Michezo na hadithi tunazoandika wanafunzi juu ya kuikubali sauti yako zina ugonjwa mmoja. Mhusika, tuseme ni binti wa Kibara kule Bunda, anachekwa darasani kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi ya Kijita. Analia. Anatokea mwalimu mwema. Mwishoni binti anasimama jukwaani na kutangaza kwamba sasa ameikubali sauti yake. Makofi, pazia. Lakini hebu sikiliza vizuri: tangu mwanzo hadi mwisho binti huyo anazungumza kama msoma taarifa ya habari! Sauti yenyewe hatujaisikia hata mara moja.

Vijana wenzangu, hapo ndipo kazi zetu zinapoanguka, na dawa yake haiko mbali na Kibara. Shika njia ya Kisorya, panda kivuko hadi Rugezi, umefika Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza (1896–1981). Mzee huyu alisoma seminari ya Rubya, Kilatini alikijua. Angeweza kujivika sauti ya kigeni akashangiliwa. Yeye riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe, mwaka 1945. Wachapishaji hawakuitaka, eti wasomaji wa lugha hiyo ni wachache mno. Miaka ikapita. Ndipo akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Je, alipohamia Kiswahili aliitupa sauti yake? Soma uone. Myombekere anakwenda kumrudisha mkewe, aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume juu ya kukosa mtoto. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Mwingine angelimaliza jambo hilo kwa aya moja. Kitereza anakupitisha kwenye salamu, mazungumzo, na utengenezaji wa pombe hatua kwa hatua. Wapo wanaosema anachosha, na kweli ziko kurasa zinazokwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Lakini huo ndio mwendo wa mzee wa Ukerewe anayesimulia akijua wageni wake hawaondoki leo. Lugha imebadilika, msimulizi ni yuleyule.

Tena, Kitereza na mkewe waliwazika watoto wao wangali wadogo. Uchungu wa Bugonoka aliujua nyumbani kwake. Hata hivyo hajitaji. Amewaachia wahusika wauseme. Sisi tunadhani sauti yako maana yake ni "mimi, mimi" kila mstari.

Ukerewe hiyohiyo ilimtoa Euphrase Kezilahabi. Katika diwani yake ya Kichomi (1974) aliacha vina na mizani, akitaka ushairi ukaribie mazungumzo ya watu ya kila siku. Wanamapokeo wakamkemea: huu si ushairi! Leo nani atafundisha ushairi wa Kiswahili bila kumtaja? Ila wengi wetu tulichochukua kwake ni kule kuacha vina tu. Mazungumzo ya watu hatukuyasikiliza.

Basi, ndugu yangu unayeandika mchezo huo, kwanza kata lile tangazo la mwisho. Mpeleke binti mwaloni, apatane bei ya dagaa na mchuuzi wa mjini anayemcheka matamshi. Ashinde au ashindwe, lakini kwa ulimi wake mwenyewe. Halafu wasomee wenyeji kwa sauti. Wakikuambia, "Sisi hatusemi hivyo," usinune. Rudi ukaandike upya. Kuikubali sauti yako si ruhusa ya uvivu. Mzee Kitereza aliandika kitabu kizima mara mbili, kwa lugha mbili. Sisi nakala ya pili tu inatushinda!