Madiwani na Usajili wa Straika

Kampeni za udiwani zina ahadi moja isiyochakaa: timu ya halmashauri kupandishwa Ligi Kuu. Mgombea akiishiwa cha kusema kuhusu michezo na utamaduni, hukimbilia hapo, na mkutano huitikia kwa vigelegele. Ni sera mbovu, na mfano uliowatia wengi tamaa unajulikana.

Ni Mbeya, mwaka 2011, halmashauri ya jiji ilipoanzisha Mbeya City. Kilichofuata kila mtu alikitazama: msimu wa 2013/14, Juma Mwambusi akiwa kwenye benchi, wageni wa ligi walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Koma Kumwanya, kaulimbiu yao, ikawa wimbo wa nchi nzima. Soka lao lilikuwa tamu, hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye uamuzi wenyewe, na unastahili kutazamwa polepole. Halmashauri ilikuwa na mapato ya ndani: ushuru, ada za leseni, makusanyo ya stendi na masoko. Ilikuwa pia na mamlaka ya kupanga ardhi ya jiji, silaha ambayo klabu yoyote ya mtaani ingeililia. Kilichokosekana ni uwanja. Sokoine wa hapo Mbeya ni mali ya CCM, kama Kirumba wa Mwanza na Jamhuri wa Morogoro, viwanja vya enzi za chama kimoja ambavyo chama kilibaki navyo hata vyama vingi viliporejea mwaka 1992. Sasa, mwenye ardhi na asiye na uwanja anaanza na nini? Madiwani walianza na wachezaji. Walisajili watu ambao mkataba ukiisha wanafunga mabegi, kisha wakawapeleka kuchezea nyasi za mwenye nyumba mwingine.

Hapo ndipo mchezo ulipoharibika. Mshahara wa straika hulipwa kila mwezi, na basi la kwenda Bukoba au Mtwara linataka mafuta, timu ishinde isishinde. Kiwanja cha kata kikishapimwa na kuwekewa hati, kinabaki kwa wajukuu. Mwaka 2023 Mbeya City ilishuka daraja, ikiangushwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo. Ilirudi msimu wa 2025/26. Katika kupanda na kushuka kote huko, mtoto wa Uyole au Ilomba asiye na kipaji cha kusajiliwa alipewa nini? Nafasi ya kununua tiketi.

Wengine nao waliingia njia hiyohiyo: KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Geita Gold. Kinondoni angalau wana uwanja wao Mwenge, na Simba waliutumia msimu wa 2024/25.

Kwenye utamaduni hali ni mbaya zaidi, maana hata ahadi ya uongo haitolewi. Msanii wa Bongo Fleva akishapanda jukwaani, kampeni imemalizana na sanaa. Afisa utamaduni yupo kwenye kila halmashauri, lakini wananchi humwona zaidi akihangaika na kikundi cha ngoma siku Mwenge wa Uhuru unapopita.

Haikuwa hivi siku zote. Sheikh Kaluta Amri Abeid, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Meya wa leo akitajiwa vina na mizani, huenda akadhani ni zabuni ya vifaa vya soko. Jina la sheikh huyo liko Arusha, kwenye uwanja ambao nao, bila shaka msomaji amekwisha kubashiri, ni wa CCM.

Mgombea udiwani ajaye akianza kuimba ligi, aulizwe kwanza habari za Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambako kura yake itahesabiwa. Ataje kwa majina maeneo ya wazi ya kata yake, lipi limepimwa, lipi limeshaota fremu za maduka, na nani aliyetoa kibali. Akimaliza hapo, ndipo aseme habari za straika.