Kompyuta Inapoishiwa na Kumbukumbu

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu, kompyuta ya nyumbani aghalabu ni ile iliyokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, ikauzwa huku kwa jina la eksi-UK. Nayo, ijapokuwa mwili wake ungali imara, mara nyingi huwa na RAM ya gigabaiti 2 au 4, kiasi kilichotosha kwa kazi za zama zake lakini kisichokidhi haja ya kivinjari cha leo. Basi zinapowadia siku za mwisho za Juni, ambapo marejesho ya kodi hayana budi kuwasilishwa katika iTax kabla ya tarehe 30 kupita, mwenye nyumba akafungua kivinjari, jedwali la Excel na WhatsApp kwa pamoja, mashine huzubaa, taa ya diski huwaka bila kutulia, kisha hutokea ilani kwamba kumbukumbu pepe imepungua.

Tadbiri hii ya kumbukumbu pepe ina asili ya kuheshimika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, wakiongozwa na Tom Kilburn, waliitumia katika kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa mwaka 1962, ambayo kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa maneno 16,384 tu. Kurasa zisizohitajika papo hapo zilihamishiwa kwenye pipa la sumaku, na programu ikaona kumbukumbu moja, kubwa mara kadhaa kuliko ile ya haraka. Windows hufanya yayo hayo, kwa kurasa za kilobaiti 4, ikiziweka katika faili iitwayo pagefile.sys. Ni hali ya mchuuzi wa soko la Karatina, ambaye bidhaa za kuuza sasa huziweka kibandani na zilizosalia huziacha ghalani, akawa taabuni pale kila mteja anapotaka kilichomo ghalani. Na masafa hayo si haba: RAM hujibu kwa nanosekunde zipatazo 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua milisekunde karibu 10, yaani mara laki moja zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha kadhia. Ilani hutokea jumla ya kumbukumbu zilizoahidiwa programu inapokaribia RAM na faili ile vikijumlishwa. Kwa hiyo kuipanua faili huondoa ilani, wala hakuondoi uzito. Fundi mwenye maarifa huanza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, akafungua Task Manager na kupanga programu kwa kadiri zinavyoila kumbukumbu, akazizuia zile zinazojianzisha zenyewe pasipo haja. Programu inayozidi kunenepa saa baada ya saa, ingawa haitumiki, inavuja. Hiyo haina dawa ila kuisasisha au kuiondoa. Nasikitika kuona hatua hii ikirukwa na wanaokimbilia kufuta diski nzima, wakapoteza picha za harusi na kazi za watoto za shule, kisha programu ile ile ikarudishwa na ulafi wake.

Baada ya hapo huandikwa sysdm.cpl katika dirisha linalofunguliwa kwa vitufe vya Windows na R, ikafuatwa njia ya utendaji hadi kumbukumbu pepe. Si ajabu kukuta mmiliki wa awali aliibana faili au kuizima ili kuokoa nafasi. Lililo bora ni kuiachia Windows iipime yenyewe, ama kufuata kaida ya Windows XP, kuanzia mara 1.5 ya RAM hadi mara 3, mradi diski C ina nafasi ya kutosha.

Hata hivyo dawa ya kweli ni kuongeza RAM. Tahadhari mbili ni wajibu: kijiti cha RAM cha aina ya DDR2 hakiingii katika tundu la DDR3, na Windows ya biti 32, hata ukiitia gigabaiti 8, haitatumia zaidi ya 4. Fauka ya hayo, kubadili diski ya kuzunguka kwa SSD hupunguza mno masafa yale niliyoyataja.

Nakusihi, msomaji, kabla hujampa fundi idhini ya kufuta chochote, mwambie akufungulie Task Manager na kukuonyesha kwa jina programu inayoila kumbukumbu yako.